MWENYE KOVU USIDHANI KAPOA

Mtoto aliyepasuliwa moyo anaporudi nyumbani, majirani huja kumpongeza mama yake, na kila mmoja hutaka kuliona kovu. Huliona limenyooka katikati ya kifua, nao hustaajabu. Mtoto ambaye jana alikuwa hawezi kunyonya pasipo kutokwa na jasho, leo ananyonya na kulala. Yule aliyekuwa akichutama njiani kila baada ya hatua chache, ili apate pumzi, sasa anakimbizana na wenzake. Watu husema, "Mwenetu amepona," na kwa siku ile ni haki yao kusema hivyo. Lakini wahenga walituachia onyo la maneno machache: mwenye kovu usidhani kapoa.

Leo twataka kulieleza onyo hilo kwa habari ya mishipa ya damu. Maana liko jambo moja katika upasuaji wa moyo wa watoto ambalo wazazi wengi hawakuambiwa wakalielewa, na waajiri wao hawakuambiwa kabisa. Na kutojulikana kwake kwaweza kuua mtoto ambaye taifa limekwisha kutumia fedha nyingi na mikono mingi kumwokoa.

Jambo lenyewe ni hili. Mtu mzima akipasuliwa moyo, daktari hutengeneza mwili uliokwisha kukoma kukua. Mtoto mchanga ni habari nyingine. Leo ana kilo 3. Mungu akipenda atakuwa mtu wa kilo 60. Moyo wake, ambao kwa ukubwa hukaribia ngumi yake, utakua kama ngumi ikuavyo, na mishipa itokayo katika moyo huo haina budi kukua pamoja nao. Basi mpasuaji wa watoto hushona kitu ambacho mwaka kesho hakitakuwa na kipimo cha leo. Siku ile ya kushona haitoshi kuipima kazi yake. Yatupasa kuuliza baada ya mwaka, baada ya miaka 5, na baada ya miaka 20: je, mishipa aliyoigusa imekua pamoja na mtoto, au imebaki nyuma?

Wala watoto hawa si wachache. Katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 8 hadi 10 huzaliwa na kasoro ya moyo, katika nchi tajiri na katika nchi maskini. Katika Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kila mwaka. Kwa hesabu hiyo, wenye kasoro hawapungui 16,000 kwa mwaka. Si wote wahitajio kisu, kwa kuwa matundu mengine hujifunga yenyewe. Lakini wahitajio ni wengi, na kila mmoja wao ni mtoto wa mkulima, wa kuli, wa mwalimu au wa karani kama sisi.

KAZI YA BALTIMORE

Ili tuelewe jinsi mishipa ikuavyo, yafaa tuanze pale ambapo elimu hii ilipata mlango wake. Hadi miaka ya 1940 watoto wenye midomo ya buluu walikuwa hawana tumaini. Katika mji wa Baltimore, nchini Marekani, alikuwako daktari wa watoto, Bibi Helen Taussig, ambaye masikio yake yalikuwa mazito hata ikambidi kuusikiliza moyo kwa vidole vyake. Wengi wa watoto waliomjia walikuwa na kasoro nne ambazo daktari Fallot wa Marseille alizieleza mwaka 1888: tundu kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, wembamba wa njia iendayo mapafuni, mshipa mkuu wa mwili kukaa juu ya tundu, na unene wa ukuta wa chumba cha kulia. Damu kidogo tu hufika mapafuni kuchukua oksijeni. Damu iliyobaki huzunguka mwilini ikiwa nyeusi, na mtoto hugeuka buluu. Katika ngozi zetu nyeusi buluu hiyo haionekani upesi usoni. Huna budi kuitafuta ulimini, kwenye ufizi na chini ya kucha.

Bibi Taussig alitambua jambo ambalo wengine walilipita. Mtoto akiwa tumboni ana mshipa mdogo uunganishao mshipa mkuu wa mwili na ule wa mapafu, nao hujifunga muda mfupi baada ya kuzaliwa. Aliona kwamba baadhi ya watoto wake walikuwa na nafuu maadamu mshipa huo ungali wazi, na kwamba ulipojifunga hali yao iligeuka mbaya. Mwaka 1938 Robert Gross wa Boston alikuwa ameufunga mshipa wa namna hiyo katika mtoto ambaye ulikuwa ukimdhuru. Bibi Taussig akauliza kinyume chake: ikiwa mkono wa mwanadamu waweza kuufunga, je, hauwezi kuujenga?

Tarehe 29 Novemba 1944, mpasuaji Alfred Blalock aliukata mshipa upelekao damu mkononi, akaushona kwenye mshipa wa mapafu wa mtoto wa kike mwenye umri wa miezi 15 na uzito wa kilo 4 hivi. Mtoto yule aliishi miezi michache tu. Lakini wa tatu, mvulana wa miaka 6 aliyepasuliwa mapema mwaka 1945, alipata rangi mpya ya midomo akiwa angali juu ya meza.

Hapa hatuna budi kusimama kidogo kwa ajili ya mfanyakazi mmoja. Nyuma ya bega la Blalock, juu ya kigoda, alisimama Mmarekani mweusi aitwaye Vivien Thomas, akimwelekeza mpasuaji namna ya kushona. Thomas alikuwa fundi seremala aliyetaka kusomea udaktari akakosa fedha. Yeye ndiye aliyeifanya kazi hiyo miezi mingi katika maabara, akijaribu kwa mbwa, akitengeneza vyombo na kupima nyuzi, hata njia ikapatikana. Katika chuo alikoanzia kazi aliandikwa katika daraja la mfagizi na kulipwa mshahara wa mfagizi. Taarifa ya upasuaji ilipochapishwa mwaka 1945, jina lake halikuwamo. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins kilimpa shahada ya heshima mwaka 1976, naye akafa mwaka 1985. Siku hizi wengi huuita upasuaji ule kwa majina yote matatu: Blalock, Thomas na Taussig. Twamtaja kwa sababu katika kazi ya moyo, kama katika kiwanda, jina la mmoja hubandikwa mlangoni na kazi hubebwa na wengi. Yafuatayo yatatuonyesha kwamba ndivyo ilivyo hata leo.

DAMU HUJENGA NJIA YAKE

Upasuaji ule ulifundisha kitu kikubwa kuliko kubadilika kwa rangi. Mishipa ya mapafu ambayo ilikuwa myembamba kama uzi kwa kukosa damu, ilipopata damu ilianza kupanuka na kukua. Mtoto aliyekuwa hawezi kutengenezwa kikamilifu, kwa sababu mishipa yake ilikuwa midogo mno, aliweza kungoja, mishipa ikakua, na baadaye moyo wake ukatengenezwa wote. Matengenezo hayo kamili yalianza mwaka 1954 katika mji wa Minneapolis, kwa mkono wa mpasuaji Lillehei.

Kanuni yenyewe iligunduliwa zamani. Mwaka 1893 mtaalamu wa Ujerumani, Richard Thoma, akitazama kifaranga ndani ya yai, aliona kwamba mshipa upitishao damu nyingi kwa kasi hupanuka, na ule ambao damu yake hupungua husinyaa hata ukatoweka. Sasa twajua kwa nini. Ndani ya kila mshipa umo utando mwembamba wa seli, nazo huhisi msuguano wa damu ipitayo. Msuguano ukizidi, seli hizo hutoa ishara, na ukuta wa mshipa hujijenga upya kwa upana mkubwa zaidi. Ni kama njia ya miguu kijijini. Ikipitwa na watu wengi hupanuka. Ikiachwa, majani huifunika.

Hata mkono ulionyang'anywa mshipa wake katika upasuaji wa Blalock ulishuhudia kanuni hiyo. Haukufa. Vijishipa vidogo vya begani, vilivyokuwa havina kazi kubwa, vilipanuka vikachukua mzigo.

Lakini msomaji asidhani kwamba damu nyingi daima ni heri. Mtoto mwenye tundu kubwa kati ya vyumba vya chini vya moyo hupeleka mapafuni damu nyingi mno, tena kwa nguvu nyingi mno. Vijishipa vya mapafu hujikinga kwa kunenepesha kuta zake. Mwanzoni unene huo waweza kurudi nyuma tundu likizibwa. Ukiachwa miaka, huwa wa kudumu. Mapafu huwa kama nyumba iliyofungwa milango, damu hugeuza njia, na mtoto aliyekuwa mwekundu hugeuka buluu. Hapo kuziba tundu kwaweza kumwua badala ya kumponya. Kwa sababu hiyo mwezi wa kwanza na mwaka wa kwanza vina thamani kubwa. Mapafu ya mtoto mchanga bado yanajengwa. Vifuko vyake vya hewa na mishipa yake midogo huongezeka sana katika miaka ya mwanzo ya uhai, na fursa hiyo ikipita hairudi yote.

BOMBA LISILOKUA

Sasa twafika kwenye kiini cha onyo letu. Mishipa ya mtoto mwenyewe, ikiunganishwa vizuri, yaweza kukua. Lakini mara nyingi mpasuaji hana mshipa wa kutosha, hutumia bomba lililotengenezwa kiwandani. Tangu de Leval na wenzake wa London walipoieleza njia hiyo mwaka 1981, kwa kawaida bomba la Gore-Tex huwekwa kati ya mshipa wa mkono na ule wa mapafu, ili mkono usinyang'anywe damu yake. Kwa mtoto mchanga, bomba hilo huwa na kipenyo cha milimita 3.5 au 4. Ni kitu chema, nalo limeokoa watoto wengi sana. Ila halikui. Mtoto huongezeka kilo, bomba hubaki lile lile. Damu iliyokuwa ikitosha huwa haba, na midomo hurudia buluu yake.

Wapasuaji wajua hayo tangu mwanzo. Bomba limewekwa liwe daraja la muda. Mtoto mwenye chumba kimoja tu cha moyo kifaacho huandaliwa safari ya vituo vitatu. Kituo cha kwanza aghalabu ni bomba hilo. Cha pili, aghalabu akiwa na miezi 4 hadi 6, hufuata njia iliyotokana na kazi ya William Glenn wa Chuo Kikuu cha Yale, mwaka 1958: mshipa urudishao damu kutoka kichwani na mikononi huunganishwa moja kwa moja na mishipa ya mapafu. Cha tatu, aghalabu kati ya miaka 2 na 5, hufuata kazi ya Francis Fontan wa Bordeaux, iliyochapishwa mwaka 1971: damu itokayo sehemu ya chini ya mwili nayo hupelekwa mapafuni pasipo kupita katika chumba cha moyo. Kwa kuwa bomba la kituo hiki cha mwisho mara nyingi ni la kiwandani, wapasuaji hungoja mtoto akue kiasi cha kuweza kuwekewa bomba pana lifaalo hata mtu mzima. Mama anunuaye sare ya shule ajua hekima hiyo. Huishona kubwa na kuacha upindo, ili mtoto aikute mwili ukiongezeka.

Basi mtoto aliyekwisha pita kituo cha kwanza na asirudi kwa cha pili ameachwa katikati ya daraja. Kovu lake lipo, na jirani ameliona. Lakini ndani ya kifua, bomba la milimita 4 linabishana na mwili wa kilo 12.

Tena ziko njia ambazo mwili hujitungia wenyewe, na hizo pia zahitaji jicho la daktari. Mwili ukikosa oksijeni huchipusha mishipa mipya kutoka mshipa mkuu kwenda mapafuni. Mingine husaidia, mingine huupa moyo mzigo bure, hata ikabidi izibwe. Aidha, baada ya kituo cha pili, baadhi ya watoto hupata ndani ya mapafu njia za mkato zipitishazo damu pembeni mwa vifuko vya hewa, nao hugeuka buluu tena ingawa upasuaji ulifanyika vizuri. Katika miaka ya 1990 wataalamu walitambua kwamba jambo hilo hutokea pale damu itokayo katika ini inapokosa kufika mapafuni. Damu hiyo ikirudishwa mapafuni, njia hizo za mkato aghalabu hupungua au kutoweka. Yaani katika ini hutoka kitu kinachoyafundisha mapafu kukuza mishipa yake kwa adabu. Ni nani kati yetu angalifikiri kwamba afya ya mapafu ya mtoto hungojea ujumbe wa ini?

Hatutaki kumtisha mzazi yeyote. Mtoto ambaye tundu lake dogo limezibwa vizuri, au ambaye ule mshipa wa tumboni umefungwa, aghalabu huishi kama wenzake, na kliniki zake huwa chache. Lakini aliyetengenezewa kasoro nne za Fallot aweza baada ya miaka mingi kuwa na vali inayovuja au tawi la mshipa lililobaki jembamba. Aliyetengenezewa wembamba wa mshipa mkuu wa mwili, upasuaji ulioanzia Stockholm mwaka 1944 kwa mkono wa Clarence Crafoord, aweza kusinyaa tena pale pale penye mshono. Huyu wa mwisho hutambuliwa kwa kitu rahisi: kupima msukumo wa damu mkononi na mguuni, na kulinganisha. Kazi hiyo huifanya muuguzi yeyote aliyefunzwa na kupewa kifaa.

MSHIPA ULIO HAI

Wataalamu hawakuridhika kumpa mtoto bomba lisilokua. Mwaka 1999, katika mji wa Tokyo, Toshiharu Shinoka na wenzake walichukua seli za mshipa wa mtoto wa kike wa miaka 4, wakazikuza juu ya kiunzi chenye kuyeyuka mwilini, wakamtengenezea mshipa wa mapafu. Kiunzi kiliyeyuka, seli zikabaki. Baadaye watoto wengine 25 nchini Japani waliwekewa mishipa ya namna hiyo kwa kutumia seli za uboho wao wenyewe. Hapo palikuwa na tumaini jipya: mshipa utakaokua pamoja na mtoto.

Njia haikuwa tambarare. Baadhi ya mishipa hiyo ilisinyaa. Huko Marekani, ambako Shinoka na mwenzake Christopher Breuer waliendeleza kazi, majaribio yalisimamishwa kwa sababu ya kusinyaa huko. Mwaka 2020 walitoa taarifa kwamba walipowafuata wana-kondoo waliowekewa mishipa hiyo, waliona kuwa kusinyaa kwa miezi ya mwanzo kulijiondoa kwenyewe, pasipo kuguswa na mtu, kama walivyokuwa wamebashiri kwa hesabu za kompyuta. Fundisho la kazi hiyo, kwetu, ni saburi ya kufuatilia. Wangaliacha kutazama mwezi wa sita wangalisema mshipa umeshindwa. Na wale waliokuwa wakitazama siku ya kwanza tu wangalisema umefaulu. Hali ya mshipa uliowekwa katika mwili unaokua hujulikana kwa kuutazama tena na tena.

HESABU YETU WENYEWE

Sasa turudi nyumbani. Zamani mtoto wa Tanzania aliyehitaji upasuaji wa moyo alipelekwa ng'ambo, hasa India, na wengi walikufa wakingoja zamu. Mwaka 2008 upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, jijini Dar es Salaam, ambako watoto hupasuliwa na wataalamu wetu na kwa msaada wa wageni. Hilo ni jambo la fahari, nasi twajivunia. Lakini fahari ya upasuaji hupenda tarakimu za siku moja: watoto kadhaa wamepasuliwa wiki hii, kambi imekwisha, picha imepigwa. Twauliza hesabu ya pili. Katika watoto waliopasuliwa miaka 5 iliyopita, wangapi wameonwa mwaka huu? Nani aliyewakosa kliniki, nani aliyekwenda kuwatafuta?

Wako watakaosema, "Vitanda ni vichache. Kila siku ya kumtazama aliyekwisha pasuliwa ni siku anayonyimwa yule angojaye." Hoja hiyo haifai kudharauliwa, mama angojaye foleni anayo haki yake. Lakini tazameni kazi ilivyo. Mshipa uliosinyaa ukigunduliwa mapema, mara nyingi waweza kupanuliwa kwa puto dogo lipitishwalo katika mshipa wa pajani, pasipo kufungua kifua. Ukigunduliwa mtoto akiwa mahututi, huenda ikabidi kifua kifunguliwe tena, katika hali ya hatari, na kitanda kikaliwe kwa majuma. Kumfuatilia wa zamani ndiyo njia ya kumwachia mgeni nafasi.

Na si lazima kila kliniki iwe Dar es Salaam. Kumpima mtoto uzito na urefu, kubana kidole chake kwa kile kifaa kidogo kisomacho oksijeni, kupima msukumo wa damu mkononi na mguuni, kumtazama ulimi na kucha: hayo yote yawezekana katika hospitali ya mkoa, na mengi yake hata katika ya wilaya. Picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti yahitaji mashine na mtu aliyefunzwa, na mikoa haina budi kuongezewa vyote viwili. Majibu yapelekwe kwa daktari bingwa, naye aseme nani apande gari na nani abaki. Kwa njia hiyo mtoto wa Kigoma hatasafiri zaidi ya kilomita 1,200 kwenda kuambiwa kwamba yu mzima. Atasafiri yule ambaye bomba lake limekwisha kumbana. Wauguzi na mafundi wa vipimo watakaoifanya kazi hiyo ndio akina Vivien Thomas wa leo. Majina yao hayatakuwamo magazetini, na kwa sababu hiyo yafaa mishahara yao na mafunzo yao vikumbukwe mapema.

Liko pia jambo liwahusulo wafanyakazi moja kwa moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa Tanzania Bara, humpa mfanyakazi angalau siku 4 za likizo yenye malipo katika mzunguko wa likizo kwa sababu ya kuugua au kufa kwa mtoto wake. Na siku hizo hizo ndizo zitumiwazo kwa misiba ya ndugu wa karibu. Mama wa mtoto wa moyo atokaye mkoa wa mbali aweza kuzimaliza katika safari ya kwenda na kurudi tu. Baada ya hapo huchagua kati ya kliniki na kibarua, na msimamizi asiyeelewa humwambia, "Mtoto wako si alikwisha pona?" Sheria imesema "angalau", imeacha nafasi ya kuongeza. Twavitaka vyama vya wafanyakazi viingize katika mikataba ya hali bora siku za kliniki, zenye malipo, kwa mzazi yeyote ambaye mtoto wake amepasuliwa moyo, kwa cheti cha hospitali. Mwajiri hatafilisika kwa hilo, kwa kuwa wazazi hao katika kiwanda kimoja ni wachache.

Vivyo hivyo, Bunge lilipitisha mwaka 2023 Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Wanaopanga mafao yake wasiuhesabu upasuaji wa moyo wa mtoto kuwa bidhaa moja ya siku moja. Wauhesabu kuwa kazi ya miaka, yenye vituo vyake, vipimo vyake na dawa zake, mpaka mtoto awe mtu mzima na hata baada ya hapo. Kulipia bomba la kwanza na kukataa kulipia kituo cha pili ni kununua daraja nusu.

Na sisi wanachama, huko katika matawi na mashina yetu, hatuhitaji kungoja Bunge wala bima. Mtoto wa namna hii hajifichi. Mtaa mzima wamjua. Mjumbe ajue tarehe ya kliniki yake kama ajuavyo tarehe ya mkutano. Nauli ikipungua, watu wachange, kama wachangavyo harusi. Baba akisema mtoto anacheza vizuri na kliniki ni usumbufu, aelezwe kwa upole na mtu anayemheshimu kwamba bomba halichezi, nalo halikui.

Tutakwenda kumtazama mtoto aliyerudi, kama ilivyo desturi yetu njema. Tutalitazama kovu na kumpa mama hongera yake. Kisha, kabla hatujaaga, tumwulize swali moja: "Kliniki yake nyingine ni lini?" Asipojua, tusiondoke mpaka ipatikane karatasi yenye tarehe.